Ufagio Mmoja Upande wa Jirani

Nyumba huishia wapi? Swali hilo lilimjia Siwatu asubuhi moja akiwa ameinama, mkono wa kushoto mgongoni, wa kulia kwenye ufagio wa chelewa, na tangu asubuhi hiyo halikumtoka. Huishia ukutani? Lakini harufu ya kitunguu kinachokaangwa haina habari na ukuta. Huishia kwenye wigo? Lakini kicheko hupita juu ya wigo bila hata kukunja sketi. Huishia mlangoni? Basi mtu akiwa amelala ndani ya nyumba yake, na moyo wake uko nyumba ya pili, mlango umefunga nini? Aliwaza hivyo huku anafagia, na kila alipofika mwisho wa wazo alijikuta amefika pia mwisho wa kiwanja, pale kiwanja chake kilipokutana na cha Mboni. Na pale, juu ya kigoda, alikuwa amekaa mama yake, anacheka. Hakuwa akicheka na yeye.

Mtaa wenyewe ulikuwa mstari mmoja wa nyumba nyeupe. Hakuna aliyejua ulikoanzia. Ukitembea kuutafuta mwanzo wake ulikuta nyumba, na nyumba, na nyumba nyingine, zote zimepakwa chokaa, mpaka miguu ikachoka na ukarudi ulikotoka. Siku hazikuwa na majina huko. Watu walisema tu "kabla ya ukaguzi" na "baada ya ukaguzi", na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka vizuri ukaguzi uliopita, wote waliishi kabla. Bombani, walipochota maji, palisimama ubao wa kanuni. Jua lilipokuwa kali maandishi yake yalififia, na asubuhi yakarudi yenyewe, meusi, kama hayakuwahi kwenda popote. Ukuta upakwe chokaa kabla ya masika. Mtaro uzibuliwe hadi mbele ya nyumba ya mwenzio. Nguo za ndani zisianikwe zikamtazama jirani. Jogoo asiyejua saa afungiwe. Wigo wa mbele usizidi bega la aliye mfupi kuliko wote nyumbani, ili asiwepo mtu asiyeonekana. Jirani akija na ufagio, asikataliwe. Na ile kanuni ambayo watoto waliijua kabla ya kuyajua majina yao: kila mwenye nyumba afagie kiwanja chake chote, kisha azidishe ufagio mmoja upande wa jirani.

Ukanda ule mwembamba, uliofagiwa na huyu kisha ukafagiwa na yule, uliitwa ziada. Mtaa haukuwa na mawe ya mpaka wala waya. Mpaka ulikuwa pale ufagio ulipokoma, na siku ya ukaguzi Mkaguzi aliisoma michirizi mchangani kama mtu asomavyo barua. Kilichokutwa ndani ya mstari wa mwisho wa nyumba kiliandikwa kuwa cha nyumba hiyo. Kilichokutwa kwenye ziada kiliandikwa kuwa cha wote wawili. Kuku akitaga ziadani, mayai yaligawanywa. Mpapai ukiota ziadani, papai lilikatwa kati. Mtu je? Hakuna aliyewahi kuuliza habari za mtu.

Siwatu aliuliza. Hakuuliza kwa mdomo, maana mdomo wake ulikuwa mzito tangu utotoni, bali aliuliza kwa ndani, kila asubuhi, na jibu alilojipa lilikuwa moja tu: mama yangu asikutwe ziadani.

Mama yake, Bi Mize, alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau vidogo: alipoweka miwani, au kama amekwisha kula. Kisha akasahau vikubwa, kama jina la mtaa, na kifo cha mumewe. Siwatu alilazimika kumpa habari za kifo hicho mara tatu, na mara zote tatu Bi Mize alilia kilio cha mara ya kwanza, kilio kibichi, cha kupiga mikono mapajani. Baada ya hapo Siwatu aliacha. Baba akawa safarini. Alimwogesha mama, akamvika, akamsuka nywele zilizobaki, akamchambulia samaki mwiba kwa mwiba. Na mama aliyapokea yote hayo kwa adabu kubwa. "Ahsante, bibie," alisema. "Mungu akulipe." Yalikuwa maneno mazuri, ila mazuri kama ya mtu anayemshukuru mpita njia kwa kumpisha. Halafu jua likianza kupanda, alishika kigoda kwa mkono mmoja na ukuta kwa mwingine, akajikokota hadi ziadani, akaketi anatazama mlango wa Mboni. Na Mboni alipotoka na bakuli la uji, uso wa mama ulifunguka kama dirisha.

"Mwanangu," alisema mama.

Mwanangu. Siwatu alilisikia neno hilo likivuka kiwanja kizima, likampita sikioni, likaenda kutua kwa mwingine. Mwanangu nani? Huyu asiyejua kwamba mama haruhusiwi sukari nyingi? Huyu aliyehamia juzi, au mwaka juzi, au aliyekuwepo siku zote, nani anakumbuka? Huyu ambaye chokaa ya ukuta wake ina mabaka kama mtu mwenye mba. Ambaye sufuria zake hulala na ukoko. Ambaye hufagia mistari iliyopinda, anaanza huku, anaona kipepeo, anaacha. Huyu. Nyumba ya Siwatu haikuwa na kosa hata moja. Mtaro wake ungeweza kupitisha maziwa. Hakuna kanuni ubaoni ambayo hakuitimiza na kuizidisha. Kama mapenzi yangekuwa yanatolewa kwa usafi, mama angelala kifuani kwake mchana kutwa. Lakini mapenzi yalitoka kila asubuhi na kigoda mkononi, yakaenda kukaa mlangoni pa mtu mwenye sufuria chafu.

Aliwatazama. Mboni alikuwa ameketi chini, mchangani kabisa, bila hata jamvi, magoti yake yakigusa magoti ya mama. Mama alimwinamia akamnong'oneza jambo, sauti yake siku hizo ilikuwa nyembamba kama uzi, na Mboni akatupa kichwa nyuma akacheka. Siwatu alijaribu kusikia. Lakini alikuwa anafagia, na ufagio una kelele zake, unameza maneno ya watu kama mchanga unavyomeza maji.

Asubuhi iliyofuata alizidisha fagio mbili.

Lilikuwa jambo dogo. Angeulizwa, angesema mkono umeteleza. Alichotaka kilikuwa wazi kwake kama kiganja: akiusogeza mstari wake mbele, ziada nayo itasogea mbele, na pale pa zamani, palipokaa kigoda, patakuwa ndani ya kiwanja chake. Mama atakuwa amekaa palepale, hajaguswa, hajavutwa, lakini atakuwa amerudi nyumbani. Mkaguzi akija atamwandika wa nyumba ya Siwatu, wa Siwatu peke yake. Kanuni ilisema ufagio mmoja, lakini haikusema mwenye mkono mrefu aadhibiwe. Tena haikumruhusu Mboni kukataa. Mboni alipoamka alikuta mstari wa jirani umeingia kwake, akafagia kwa mistari yake iliyopinda, akavuka mstari huo kwa ufagio mmoja kama ilivyoandikwa, akaacha. Ziada ikawa pale.

Bi Mize alitoka na kigoda. Alifika mahali pake pa jana, akasimama, akautazama mchanga. Akamtazama Siwatu, akatabasamu kwa adabu. Kisha akainua kigoda akasogea hatua moja, hadi ziada mpya, akaketi.

Basi kesho yake Siwatu alizidisha fagio nne.

Hapo ndipo asubuhi zilipoanza kuchanganyika. Siwatu hakujua zilipita ngapi; labda ilikuwa moja iliyofagiwa mara nyingi. Aliamka kabla ya jogoo anayejua saa. Aliinama. Chelewa zilichana mchanga, shh, shh, na mstari ukasogea, na kigoda kikasogea, na kila kigoda kiliposogea mkono wake ukarefuka. Wakati mwingine aliinua kichwa asijue kama nyumba iliyo mbele yake ni yake au ya Mboni. Zote zilikuwa nyeupe. Wakati mwingine aliitazama mikono yake akaiona laini, yenye alama ya ukoko wa uji, akashtuka, akaifuta kwenye kanga, na ikawa yake tena. Mtu akitamani kitu cha mwenzake muda mrefu, je, hawi yeye kwa sehemu? Na ile sehemu yake aliyoiacha nyuma, inakaa na nani? Hakuwa na wa kumuuliza. Wivu ni upweke wenye kazi nyingi. Unamwamsha mtu mapema, unampa ufagio, na jioni haumwambii hata pole.

Kulikuwa na vitu mchangani. Kadiri alivyoingia kiwanjani kwa Mboni ndivyo ufagio wake ulivyovifukua, palepale kigoda kilipokuwa kimekaa jana na juzi, kana kwamba vilidondoka kutoka mapajani mwa mama. Utepe wa njano wa nywele. Jino la utotoni, dogo kama punje ya mchele. Kiatu kimoja cha mtoto, cha plastiki, kilichokatika ukanda. Siwatu aliushika ule utepe akauangalia sana, maana na yeye alipokuwa mdogo alikuwa nao kama ule, na aliona uchungu mpya: kumbe hata utepe, hata huo, Mboni naye alikuwa nao. Alivikusanya vyote na majani makavu akavitupa jalalani. Ndivyo kanuni inavyotaka. Takataka zisilale.

"Shoga," Mboni alimwita asubuhi mojawapo, "tua ufagio huo. Njoo ukae na sisi, uji upo."

"Ahsante. Nina kazi."

"Kazi haiishi, Siwatu."

"Ndiyo maana naifanya."

Mboni alisimama, bakuli mkononi. Alionekana kama mtu aliyebeba kitu kizito asichojua pa kukiweka. "Kuna neno nataka kukwambia. Kuhusu mama. Si baya, lakini naona vibaya kulinyamazia..."

Siwatu aliinama akafagia. Shh. Shh. Alifagia kwa nguvu, akalifagia neno la Mboni kabla halijatoka lote, kwa kuwa alidhani analijua. Angeambiwa nini zaidi? Kwamba mama anampenda? Alikuwa na macho. Nyuma ya kelele ya chelewa alisikia tu sauti nyembamba ya mama ikimwambia Mboni, "Mwambie yule anayefagia apumzike, jua kali." Yule. Yule anayefagia.

Siku hiyo alizidisha fagio tisa.

Bombani wanawake walikuwa wameanza kumpisha kwenye foleni, na hilo halikuwa dalili njema. Chausiku, ambaye alikaa nyumba ya nne na ambaye ulimi wake haukuwahi kufungiwa pamoja na majogoo, alimpokea kwa makofi.

"Haya, simameni jamani, mwenye mtaa kaja! Siwatu, nasikia unafagia mpaka jikoni kwa watu. Kwangu unakuja lini? Mgongo unaniua."

"Nafuata kanuni," alisema Siwatu, macho kwenye ndoo yake.

"Kanuni inasema ufagio mmoja. Mimi jana nimesimama pale nikahesabu, mashallah, mpaka vidole vikaniishia."

"Mkono uliteleza."

"Uliteleza!" Chausiku aliwageukia wenzake. "Wallahi huo si mkono, huo ni mlenda!"

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji. Siwatu naye alijaribu kucheka, uso ukakataa. Alijitwika ndoo, akageuka kuondoka, na Chausiku akamfuata hatua mbili tatu. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mdogo wangu, usinune, nakutania. Ila nikuulize kitu kimoja. Yule bibi, unamrudisha nyumbani au unamfukuza? Maana kila ukifagia, yeye ndiye anayekwenda mbele."

Maji yalimwagika kidogo kutoka ndooni, yakamtiririka Siwatu shingoni. Alijua. Bila shaka alijua. Alikuwa na akili na alikuwa amesoma, hata mstari alikuwa ameupima: kigoda kilikuwa hatua tatu tu kutoka mlango wa Mboni, na kutoka mlango wake mwenyewe kilikuwa mbali mno hata jioni alipokwenda kumchukua mama alilazimika kupumzika njiani. Lakini kujua ni kitu kimoja na mkono ni kitu kingine. Akirudi nyuma, atakuwa amekubali. Akisonga mbele, kuna siku kiwanja kitaisha, na kiwanja kikiisha ziada haitakuwa na pa kwenda, na mama hatakuwa na pa kusogea ila kurudi. Alilishika wazo hilo kama mtu anayeshika kamba gizani. Kuna siku kiwanja kitaisha.

Kiliisha asubuhi ya ukaguzi.

Alikuwa amefagia tangu weupe wa kwanza. Mistari yake ilikuwa kamili, nusu duara juu ya nusu duara, kama magamba ya samaki mmoja mkubwa aliyelala kutoka kizingiti chake hadi kizingiti cha Mboni. Hapakuwa na jani. Hapakuwa na unyayo. Hapakuwa na ziada. Chelewa zake ziligusa jiwe la mlango wa jirani zikakoma, naye akanyoosha mgongo akageuka kumtazama mama, ambaye alikuwa amesimama katikati ya usafi wote ule na kigoda chake, anatafuta pa kukaa.

Sasa atarudi, aliwaza Siwatu. Sasa.

Bi Mize alitazama kulia. Alitazama kushoto. Akamtazama Siwatu, akamwinamishia kichwa kama anayeomba radhi kwa kukanyaga, kisha akainua kigoda, akavuka jiwe la mlango, akaingia ndani ya nyumba ya Mboni.

Mkaguzi alifika wakati huohuo. Alikuwa Bwana Machano, mtu mrefu, mpole, aliyetembea peku na viatu vyake mkononi ili asiharibu anachokuja kukisoma. Alipita pembeni, akichuchumaa hapa na pale, akigusa michirizi kwa ncha ya kidole.

"Mfagiaji wa huku ni nani?"

"Ni mimi, Bwana Mkaguzi."

"Kazi safi, binti. Nimekagua nyumba nyingi sijaona mkono kama huu." Alifungua daftari. "Basi kiwanja hiki ni chako. Na hiki cha pili nacho chako. Ziada iko wapi?"

Siwatu alilitazama jiwe la mlango.

"Naona umeila." Hakusema kwa ukali. Alisema kama daktari. "Basi hakuna cha wote wawili. Kuna chako na kuna cha nyumba ile. Aliyeingia ndani ni nani?"

"Mama yangu."

"Ala. Basi ni wa nyumba ile. Ndivyo nitakavyoandika."

Siwatu alihisi mikono yake imekuwa mirefu mno, inaburuta chini, haina kazi.

"Haiwezekani," alisema. "Nimefagia kote huku kwa ajili yake."

"Naona." Bwana Machano alimtazama kwa huruma. "Kanuni haimkatazi mtu kuzidisha. Bado sijaandika. Ufagio mmoja tu umebaki. Upitishe juu ya kizingiti, uingie sebuleni, nami nitaiandika nyumba hii kuwa yako pamoja na vyote vilivyomo."

"Na Mboni?"

"Atakwenda palipobaki. Siku zote pana palipobaki."

Mboni alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Nyuma yake palionekana sebule ndogo isiyo na mpango, nguo juu ya kiti, sufuria kwenye mkeka, na mwanga. Jirani akija na ufagio, asikataliwe. Alisogea pembeni, mgongo ukutani, akaushika mlango ukae wazi. Alisema kama kanuni ilivyotaka aseme.

"Pita, shoga."

Siwatu aliinua ufagio. Ulikuwa mwepesi ajabu. Ufagio mmoja, na mama atakuwa wake kwa maandishi, hata mama mwenyewe hataweza kusogea. Ufagio mmoja, na neno lile la kila asubuhi litakosa mahali pengine pa kutua.

Kutoka ndani ya nyumba sauti nyembamba kama uzi iliita, na kwa mara ya kwanza baada ya asubuhi zote zile hapakuwa na chelewa mchangani za kuimeza.

"Siwatu!"

"Labeka, mama!"

Ziliitika sauti mbili. Siwatu aliitika kutoka nje, na Mboni aliitika kutoka mlangoni, pamoja, kwa pumzi moja, kwa neno moja. Kisha wakatazamana. Mboni aliziba mdomo wake kwa kiganja.

"Ananiita wewe," alisema Mboni kwa sauti ya chini. "Tangu mwanzo. Nilijaribu kukwambia, na kila nikifungua mdomo umeinama. Siku ya kwanza nilimwambia, 'Bi, mimi si Siwatu, mimi ni Mboni, Siwatu yule pale.' Alikutazama, akalia. Akasema, 'Yule mtu mzima. Siwatu wangu anacheka, Siwatu wangu anakaa na mimi.' Sikuwa na la kufanya. Nikakaa. Nikaitika." Machozi yalimchuruzika. "Mimi hanijui kabisa, shoga. Hata jina langu hajawahi kulitaja. Uji ninaomnywesha ni wako. Hadithi ni za kwako. Utepe wako wa njano, jino lako ulilolificha chini ya mto, kiatu chako kilichokatika ukalia kutwa nzima. Kila siku nakaa pale napendwa kwa jina la mtu mwingine. Unadhani mimi sikuonei wivu?"

Siwatu alisimama na ufagio wake juu. Kumbe. Asubuhi zote zile. Fagio zote zile. Kumbe aliyekaa ziadani akichekeshwa na kunong'onezwa, aliyepewa lile neno mwanangu, aliyechukiwa kwa moyo mmoja mpaka vidole vikatoka sugu, alikuwa yeye. Alikuwa amemwonea kijicho Siwatu. Alikuwa amefagia vitu vya Siwatu akavitupa jalalani. Sasa angeweza kuingia ndani, angeweza kupiga magoti mbele ya kigoda na kusema, Mama, ni mimi, nitazame. Maneno yalikuwa mdomoni tayari. Lakini aliyajua maneno ya namna hiyo. Alikwisha kumpa mama habari za kifo mara tatu, na aliijua sauti ya kilio chake kibichi. Akisema ni mimi, atakuwa amemuua yule mtoto anayecheka, na kesho atalazimika kumuua tena, na kesho kutwa tena.

Aliteremsha ufagio, akaulaza nje, juu ya mistari yake, ukaiharibu.

"Andika kiwanja ni cha Mboni," alimwambia Mkaguzi. "Nyumba pia."

"Na aliyemo?"

"Huyo usimwandike popote."

Bwana Machano alifikiri kidogo. Kisha alifunga daftari, akavaa viatu vyake, akaondoka akipita katikati ya kiwanja, na kila alipokanyaga pakabaki alama.

Siwatu alisimama kizingitini. Alibisha hodi, japokuwa mlango ulikuwa wazi.

"Hodi."

"Karibu!" sauti iliitika. "Nani huyo?"

"Ni mimi, Bi. Jirani."

"Karibu, jirani, pita ndani. Siwatu, mletee jirani uji, jua limempiga."

"Naam, mama," alisema Mboni, bila kuinua macho, akaenda jikoni.

Siwatu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaketi chini kwenye mkeka, mbele ya kigoda, akakunja miguu. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikaa. Kutoka chini pale uso wa mama ulikuwa tofauti. Aliuona wote, hata kidevu, hata tabasamu lisilo la adabu tu. Bi Mize naye alimkagua taratibu, akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akapitisha kidole kwenye sugu moja moja.

"Kumbe ni wewe unayefagia."

"Ni mimi, Bi."

"Nilikuwa nasogea nisikuzuie njia. Nilisema, maskini, atazunguka kigoda changu mpaka lini?" Alicheka kidogo. "Na kila nikisogea, nawe unakuja. Mama yako yu hai?"

"Yu hai, Bi."

Bi Mize alitazama jikoni, akahakikisha kwamba hasikilizwi, kisha akamwinamia hadi nywele zao zikagusana. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini Siwatu alisikia kila neno.

"Usimwambie huyu binti yangu, atanuna. Nampenda, Mungu anajua, lakini mvivu, unaiona nyumba. Mimi kila asubuhi nilikuwa nakutazama wewe. Umeinama vile, huchoki, husemi, kama vile kuna mtu unamsafishia njia. Nikasema, huyu mtoto wa nani? Nimemwonea wivu sana mama yako. Sana." Aliukunja mkono wa Siwatu, akaufunga kwa mikono yake miwili. "Umpe salamu zangu."

"Zimefika, Bi," alisema Siwatu.